Basi Zima Kushusha Mtu Mmoja

Wacha nianze na ujinga wenyewe, msije mkasema nimeuficha. Jumamosi kabla ya safari nilikuta simu ya mathe, mamangu, ikichaji jikoni. Nikafungua grupu ya akina mama wa kanisa, nikabonyeza pale pa kurekodi, nikasema kwa sauti yake: "Wapendwa, Jumanne tunamsindikiza Mercy uwanja wa ndege. Nafasi iko. Chakula kipo. Njooni wote."

Mnajua vile mimi huiga sauti ya mathe. Nyinyi wenyewe ndio mlinituma niige ya mwalimu wa zamu mpaka darasa zima likasimama wima. Nilidhani akina mama watacheka, waseme huyo si Mama Mercy, ni yule kijana wake. Hakuna aliyecheka. Walijibu "Amina" mmoja baada ya mwingine, kama wanapokezana ndoo. Nikaogopa, nikafuta kila kitu kwa simu ya mathe, nikaenda kulala kama mtakatifu.

Tangu shule ifunguliwe kila mtu ananiuliza ilikuwaje, na kila mmoja ana hadithi yake. Mmoja anasema tulimpitisha shosh, nyanya yetu, kwa mashine ya mizigo. Ni uongo, lakini ni uongo ulio jirani na ukweli. Basi naandika mara moja, mpeane mkimaliza.

Kwanza mjue hii haikuwa safari ya mchezo. Mercy, dadangu, alipata kazi ya uuguzi Ujerumani. Walikuwa wanaruka kikundi kizima cha wauguzi Jumanne hiyo jioni, na waliambiwa wazi kwamba atakayekosa ndege nafasi yake inapewa mwingine. Ng'ombe wetu wawili walikuwa wameshageuka tiketi.

Halafu kuna shosh. Miaka ya nyuma mtoto wake wa mwisho, baba yetu mdogo, alienda ng'ambo. Gari lilikuwa na haraka, wakamuombea getini kwa nyumba, likaondoka. Alipiga simu mara chache, kisha akanyamaza mpaka leo. Shosh aliamua kosa lilikuwa pale getini. "Baraka ya nyumbani inaishia Gilgil," alisema. "Huyu msichana nitambariki kwa mlango wenyewe, niuone kwa macho. La sivyo haendi." Na akisema haendi, hata rubani anangoja.

Kuresoi

Mpango wa mathe ulikuwa Probox ya Mzee Rono, jirani yetu: dereva, mathe, Mercy, shosh, na mimi nikiwa nimekunjwa huko nyuma na masanduku. Baba alikuwa anabaki na ng'ombe, wale walionusurika.

Asubuhi ukungu ulikuwa umelala shambani mpaka huoni viazi. Nikasikia viatu barabarani, vingi. Kisha wakatokea akina mama wa kanisa, wote na yunifomu yao, vitambaa vyeupe kichwani, masufuria yamefungwa leso. Mbele yao Anti Tabitha, dadake mathe, mwenyekiti wa kila kitu.

"Mama Mercy," akasema, "tumeitika."

Mathe alikuwa ameshika kikombe cha chai. Aliwaangalia, akaangalia Probox, akaangalia mfuko wa aproni yake wenye simu. Mimi nilikuwa nafunga sanduku kwa kamba kwa bidii ambayo sijawahi kuonyesha masomoni.

Mnajua kwetu. Mtu aliyeamka na giza akapika chapati za kukusindikiza harudishwi nyumbani. Utasemwa mpaka siku ya mazishi yako, na hapo ndipo utasemwa vizuri zaidi.

"Karibuni," mathe akasema. Halafu akamgeukia Mzee Rono. "Lile basi la shule liko wapi?"

Shule zikiwa wazi Mzee Rono huendesha basi la shule ya msingi, na zikifungwa anasafirisha viazi, kwa hivyo bei zote za dunia hii anazijua kwa debe. Akajikuna kidevu. "Liko. Lakini mpaka Nairobi na kurudi linakunywa mafuta ya gunia, na si gunia la kawaida. Lile la lumbesa, limejazwa mpaka linatoa shingo."

Anti Tabitha akavua kitambaa, akakipitisha. Kitambaa kilirudi kizito. Mathe aliniangalia kidogo, kama mtu anayeangalia mvua kama itanyesha.

Molo hadi Salgaa

Tatizo letu halikuwa basi. Tatizo letu lilikuwa neno.

Kwetu mtu hasafiri kabla kila aliyekuja kumuaga hajasema neno. Wanasema ni neno moja. Sasa neno lenyewe linaanza kwa kumsifu Mungu, linajitambulisha, linasalimia kwa niaba ya ambao hawakufika, linakumbuka siku Mercy alizaliwa na mvua iliyokuwa ikinyesha, halafu ndio linaingia kwa neno. Lipige hilo mara basi zima.

Mzee Rono alikuwa amewahi kumpeleka mtu kule. Karibu na Molo akaongea bila kugeuka. "Nyinyi akina mama, mnajua vile uwanja wa ndege hushushwa watu?"

"Si unasimama tu mtu anashuka," akasema Anti Tabitha.

"Kuna njia tatu. Ya kwanza, gari dogo linaenda mpaka mlangoni, linashusha, linaondoka. Hiyo ni rahisi, lakini ukisimama kidogo tu soja wa ulinzi amefika dirishani. Ya pili unaingia paking, unalipa kulingana na vile umekaa. Unaanza na bei ya soda, ukizubaa unafika bei ya kuku, na mkianza kutoa neno mtamaliza kwa bei ya mbuzi. Ya tatu unamwacha mtu huko nje barabarani, achukue teksi aende peke yake."

"Peke yake ni nani?" shosh akauliza. Njia ya tatu ikafa papo hapo.

Mathe akasimama katikati ya basi, ameshika viti viwili. "Sikieni. Kule mlangoni ataomba mtu mmoja, naye ni shosh. Nami nitasema langu kidogo kama mzazi. Nyinyi wote mnasemea humu humu barabarani, na kila mtu awe amemaliza kabla ya Nairobi." Halafu bila kuniangalia akasema, "Wewe mwenye mdomo. Simama hapo mbele uwe emsii, uwapange wasemaji."

Lile neno mwenye mdomo nililisikia vizuri.

Lakini emsii ni emsii. Nikasimama. Nikawagawia barabara: Molo hadi Salgaa ni mashangazi, Salgaa hadi Nakuru ni majirani, Nakuru hadi Gilgil ni kwaya, kuanzia hapo ni waliosahau. Mwenye kuzidisha muda namkatia kwa wimbo. Anti Tabitha nilimkatia mara mbili. Mara ya pili akaniambia, "Wewe mtoto, nilikuosha ukiwa mchanga." Nikamjibu, "Anti, hiyo ilikuwa ya mashangazi, na tumeshaingia kwa majirani."

Mercy alikuwa kwa dirisha, anacheka mpaka anajifuta macho. Wakati mwingine alikuwa anajifuta bila kucheka.

Hapo Salgaa polisi walikuwa wamefunga barabara. Mzee Rono akaanza kutafuta makaratasi. Afisa akaja, akachungulia: basi zima la wamama wa vitambaa vyeupe wakiimba wimbo wa polepole, msichana analia dirishani. Akavua kofia, akaiweka kifuani, akatupungia mkono tupite.

"Mtu mzuri," akasema Anti Tabitha.

Kariandusi

Nakuru tulipita salama, tukipunguza tu mwendo kwa ajili ya msongamano wa stendi. Tukashuka upande wa Elmenteita, jua limewaka sasa, na karibu na Kariandusi basi likaanza kutoa moshi mweupe puani. Mzee Rono akaegesha kando, akafungua boneti, akasema radieta imekasirika na haisemeshwi mpaka ipoe.

Akina mama wakaona hiyo ni ishara ya kula. Masufuria yakashuka. Nilikula chapati na viazi vya nyama nimesimama, nikimwangalia Mercy, naye akiangalia saa kwenye simu, akiirudisha mfukoni, akiitoa tena. Mathe alikula? Hakula. Alizunguka basi kama anatafuta mlango mwingine.

Maji yetu yalikwisha kwa radieta. Ndipo mzee mmoja akaja kutoka upande wa machimbo ya udongo mweupe na jerikeni begani, mweupe wa vumbi kuanzia nyusi mpaka buti, kama mandazi kabla hayajaingia mafutani. Akaweka jerikeni chini, akavua kofia.

"Poleni sana, wazazi. Marehemu alikuwa nani wenu?"

Mercy akainua mkono. "Ni mimi."

Yule mzee alirudi nyuma hatua nzima. Nilicheka mpaka chapati ikanipitia puani, na mashangazi wakasahau kunikemea kwa sababu nao walikuwa wanashikana mabega.

"Hatuziki, mzee," mathe akasema. "Tunasindikiza. Msichana anaenda kazi ng'ambo."

"Basi mbona mnaimba hivyo?"

Hapo ndipo nilielewa yule polisi wa Salgaa alitupitisha kwa nini. Wote walicheka tena isipokuwa shosh, aliyekuwa ameketi kwa ngazi ya basi na sahani mapajani.

"Yule mwingine pia tulimwimbia hivi hivi," akasema taratibu. "Hatukujua ni matanga."

Mzee wa vumbi alimwaga maji yake yote kwa radieta, akapewa chapati, akaila na alama nyeupe za vidole vyake. Kwa vile nilikuwa bado emsii, nikamwambia asiondoke bila neno. Alimwangalia Mercy.

"Urudi," akasema, akachukua jerikeni yake akaenda.

Anti Tabitha akasema polepole kwamba kumbe neno moja kweli linawezekana.

Naivasha hadi Nairobi

Kutoka Kariandusi mathe alikatisha kila kitu. Naivasha wakaomba kushuka kidogo, akasema hakuna kushuka, mtu akibanwa aombe. Wakaomba. Huko Kinungi tukakuta malori yamepangana mlimani mpaka mbinguni, yote yamezima, madereva wamekaa kando wanakula mahindi. Mzee Rono naye akazima.

Nimeshamuona mathe amekasirika mara nyingi, kwa kazi yangu. Siku hiyo hakukasirika. Alifungua mlango, akashuka na viatu vyake vya kanisa, akatembea mbele kando ya magurudumu ya yale malori akigonga mlango mmoja mmoja. Sikusikia alichosema. Niliona tu malori yanawaka, yanasogea pembeni kwa shida, moja, la pili, la tatu, mpaka kukawa na kijia cha basi. Alipopanda tena alikuwa na vumbi mpaka magotini.

"Umewaambia nini?" Mercy akauliza.

"Nimewaambia ukweli. Endesha, Mzee."

Maneno yote yaliisha kabla ya Nairobi. Hiyo mnaweza kuiandika kwa ukuta wa shule.

Getini

Uwanja wa ndege ule, kabla hujaukaribia, kuna mahali gari linabaki na dereva tu na wengine wote mnashuka, mnapita kwa miguu kwa kijumba cha ukaguzi, halafu mnaungana na gari lenu upande wa pili. Sisi tulikuwa tumemwambia kila mtu kuhusu neno. Hakuna aliyewaambia kuhusu hili.

Wamama wakashuka na masufuria. Soja wa pale, kijana mwembamba, akaangalia mstari ukitoka kwa mlango wa basi bila kuisha.

"Mnasafiri wangapi?"

"Mmoja," mathe akasema.

"Na hawa?"

"Wanashusha."

Akafikiria. Akaangalia sufuria la Anti Tabitha likilia kwenye mashine. "Mathe, mbele huko basi haliendi mlangoni. Gari dogo ndilo linashusha pale. Basi linaingia paking ya chini, mnatembea."

Wote tukamgeukia shosh. Miguu ya shosh ni ya kutoka nyumbani mpaka zizini, na siku ya baridi si hata hiyo. Kutoka paking ya chini mpaka mlangoni ni kama kutoka kwetu hadi kanisani, kwa kupanda.

Paking hadi mlangoni

Pale paking ilikuwa kamati. Dereva wa teksi akaja, akataja bei ya kumpandisha shosh hapo juu na kurudi. Mzee Rono akashika kiuno. "Hiyo ni lumbesa mbili, kijana. Kwani unampeleka huyo mama Ujerumani?"

Mmoja akasema kuna viti vya magurudumu. Soja mwingine akasema viko, lakini ni vya abiria. Mercy akasema, kwa sauti ndogo, kwamba dirisha lao la kukaguliwa tiketi linakaribia kufungwa. Akamshika shosh mkono. "Shosh, nibariki hapa. Ni hapo hapo tu, mlango unauona."

"Nauona paa," shosh akasema. "Paa si mlango."

Na mathe, aliyekuwa amesogeza malori ya Kinungi, akasimama tu. Niliona mikono yake haina la kufanya. Nikajua ya kwamba kama si mimi, wangekuwa wamekuja na Probox, gari dogo, na shosh angeshukia mlangoni kabisa kama waziri.

Kando ya ukuta kulikuwa na troli za mizigo. Nikakimbia nikavuta moja. Nikatandika leso ya masufuria, nikaweka sanduku la Mercy nyuma liwe la kuegemea.

"Shosh, panda."

Alipanda bila kuuliza, akajikunja, akashika bakora yake mbele kama usukani. Soja akaja mbio. "Hapana, hapana. Hiyo ni ya mizigo."

"Na mimi ni mzigo, mjukuu wangu," shosh akamwambia. "Uliza hawa."

Akaangalia upande mwingine. Nikasukuma. Gurudumu moja lilikuwa linataka kwenda Mombasa na yale mengine matatu yanaenda mlangoni, kwa hivyo tulienda kwa mabishano. Nyuma yangu Mercy na sanduku la pili, nyuma yake mathe, nyuma yao basi zima la vitambaa vyeupe, na safari hii Anti Tabitha aliwaanzishia wimbo wa haraka, wa arusi. Watu wa teksi walisimama. Mzungu mmoja alitupisha, akatupigia makofi bila kujua ni ya nini.

Mlangoni kabisa ndipo mwisho. Asiye na tiketi haingii. Magari madogo yanasimama, yanashusha, yanasukumwa, na soja wa hapo anapiga filimbi kama refa.

Shosh alishuka. Aliuangalia ule mlango wa vioo ukifunguka na kufungika wenyewe, akaupima kuanzia juu hadi chini. Akavishika viganja vya Mercy, akavitemea mate kidogo vile wazee hubariki kwetu, akavifunga.

"Nimeuona mlango," akasema. "Ukirudi nitakungoja hapa, si nyumbani. Enda."

Hilo tu. Shosh ambaye kuombea chai humchukua mpaka chai ipoe.

Sasa ilikuwa zamu ya mathe. Akamshika Mercy mabega. Akafungua mdomo. Hakukutoka kitu. Akajaribu tena, na hakuna sauti. Soja wa filimbi akasogea. "Mathe, malizeni, mnafunga njia." Mercy naye hasogei. Nyuma ya vioo wenzake walikuwa wanampungia mkono, wakionyesha saa.

Sikupanga. Nilisikia tu sauti ya mathe ikitoka kwangu.

"Mercy. Umebeba sweta? Si hiyo nyepesi. Ukifika upige simu, usinitumie meseji kama mtu wa kudai. Usilale na nywele mbichi. Na ukiulizwa umetoka wapi usiseme Nairobi. Sema Kuresoi, wakitaka kujua ni wapi watauliza."

Mercy alicheka na kulia pamoja, sauti mbaya kama ya punda. Alimkumbatia mathe, akanikumbatia mimi, akaninong'oneza, "Sasa umekwisha," akavuta masanduku yake, akaingia. Vioo vikafunguka, vikafungika. Aligeuka mara moja. Halafu alikuwa ni kitambaa chekundu katikati ya watu, halafu hakuwa.

Kurudi

Ya paking ililipwa, na Mzee Rono akasema ilitoka bei ya kuku, kuku mkubwa lakini, si mbuzi. Basi likarudi kimya. Tukapita Naivasha jua likizama, wamama wamelala na midomo wazi, na mimi nikiwa nimejificha kiti cha nyuma kabisa. Mercy alikuwa ameshatuma ujumbe kwamba amekaa ndani ya ndege.

Karibu na Kariandusi mathe aliinuka mbele, akaja akishika viti kimoja kimoja, akaketi kando yangu. Sauti yake ilikuwa imerudi, nusu. Hiki ndicho alichosema, sijaongeza wala kupunguza:

"Nilijua ni wewe tangu asubuhi, Tabitha aliponichezea ile sauti. Mimi maisha yangu yote sijawahi kuwaambia watu chakula kipo. Sauti yangu umeiazima mara mbili. Ya kwanza utailipa shambani, kuanzia kesho, mpaka viazi viishe. Ya pili tumemalizana."

Akaegemeza kichwa begani kwangu. "Sasa nyamaza nilale," akasema, na mimi sikuwa nimesema kitu.